Pazia Pasipo Dirisha

Kuna mapazia ya kila namna, na Mshonaji aliyajua yote, maana ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Pazia la sebuleni, la jikoni, la kugawa chumba watoto wakianza kukua. Lakini lile alilolitundika chumbani kwake halikuwa na mwenzake. Rangi yake damu ya mzee, lina bitana, marinda yake yamelala sawasawa, limeshuka kutoka darini mpaka sakafuni. Mtu akilifungua hakuti dirisha. Anakuta ukuta, na ukuta wenyewe unatoka machozi.

Nyumba ilikuwa mpya. Kampuni ya ujenzi ilizijenga nyingi kwa mkupuo mmoja, zimepangana mtaani kama mayai kwenye trei, ukirudi umechoka unaweza kuingia kwa jirani ukavua na viatu kabla hujashtuka. Mumewe ndiye aliyeichagua. Alikuwa dereva wa malori. Maisha yake yote alilala kwenye vitanda vya watu na ndani ya kichwa cha lori, na alipostaafu akasema sasa anataka kuta zisizotembea. Siku ya kukabidhiwa funguo alipita chumba kwa chumba akigonga ukuta kwa kidole, ko, ko, ko, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kampuni ikamwambia: mzee, mwaka mzima dhamana ni yetu, kikitokea kibovu chochote cha ujenzi piga simu, tunakuja kurekebisha, hutoi hata senti. Alilifurahia hilo kuliko hata nyumba. Dereva anajua uzuri wa kitu chenye spea.

Akafa kabla harufu ya rangi haijatoka. Aliketi kitandani kufunga saa yake mkononi, na hakuinuka tena.

Wiki ile waliyomaliza msiba, rangi ya ukuta wa chumbani, ule ulioegemeana na bafu, ikaanza kuvimba. Kwanza malengelenge, kama ya mtu aliyemwagikiwa na uji. Kisha yakapasuka, maji yakachuruzika. Kisha ufa ukashuka kutoka juu, mwembamba kama uzi, halafu kama kamba. Vigae vya chini navyo vikaanza kucheza, ukikanyaga kimoja kinacheua maji.

Mshonaji aliyaona yote hayo kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani kwenye uwazi wa ua. Watu walikuwa wanamngoja alie, na yeye hakulia. Si kwamba alikuwa na moyo mgumu. Alikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila kwake ilikuwa imepanda mwili mzima. Alikunywa chai asijue kama aliitia sukari. Aliinua sufuria bila kitambaa, na jioni ndipo alipoona kidole kimebabuka. Asubuhi aliteremsha miguu kutoka kitandani, akakanyaga maji, na baridi yake ilimfikia akiwa jikoni.

Alichofanya ni kile mikono yake ilichokijua. Alisogeza kitanda. Aliweka beseni. Kila alfajiri alipiga deki, akakamua tambara, akapiga tena. Na kwa kuwa watu walikuwa bado wanakuja kumpa pole, na mgeni hawezi kuonyeshwa ukuta kama ule, akashona pazia.

Mwanawe, aliyekuwa akiishi mji wa mbali na mkewe na watoto, aliligundua jambo lenyewe miezi baadaye, kwa kikohozi alichokisikia kwenye simu.

"Mama, umeanza kukohoa lini?"

"Vumbi la vitambaa hilo."

"Umeshona tangu sijazaliwa, sijakusikia ukikohoa vitambaa. Kuna nini hapo?"

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ile ile ambayo angemwambia kwamba nyanya zimeisha.

"Sikiliza, mama. Dhamana ya nyumba bado ipo. Inaisha mwisho wa mwezi ujao. Wapigie waje. Wakitengeneza, sawa, kaa kwako. Wasipotengeneza nakuja na gari, tunafunga nyumba, unahamia kwetu. Siwezi kulala nikisikia kifua hicho."

"Sawa, mwanangu."

Alijua kuhamia kwao maana yake nini. Ni kulala na wajukuu, mguu wa mmoja tumboni na wa mwingine shingoni. Ni cherehani kuwekwa stoo, chini ya baiskeli. Ni kuulizwa kila asubuhi, mama utakula nini, na kuingia jikoni kwa mkamwana ukigusa sufuria kwa ncha za vidole. Na mkamwana wake alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lililokuwa gumu. Hata wa kugombana naye asingempata. Mshonaji hakutaka kwenda. Alijua kwamba hataki. Ila kule kutotaka kwenyewe kulikuwa mbali, kama ngoma ya harusi ya mtaa wa tatu, unaisikia bila kujua ni ya nani.

Akapiga simu kampuni.

"Habari za nyumba, mama?" akauliza binti wa mapokezi.

"Nzuri, mwanangu. Sijui zako."

"Nzuri tu. Tukusaidie nini?"

"Kuna maji kidogo chumbani. Wala si mengi. Mkipata nafasi."

Wakampelekea fundi wa kupaka rangi. Alikuwa mtu mchangamfu, anapiga mluzi, ana kofia ya gazeti kichwani. Mshonaji alikuwa amefungua dirisha tangu alfajiri na kuufuta ukuta kwa taulo, kwa hiyo fundi alipofika aliukuta umekaukakauka. Akaparua malengelenge, akajaza ufa, akapaka. "Mama, hapa sasa hata bibi harusi anaingia," akasema, akaenda zake. Wiki haikuisha, rangi ikavimba tena. Sijui tuseme ni kitendawili gani hicho: kila wakikivisha nguo, kinavua.

Akapiga tena. Binti wa mapokezi akauliza habari za nyumba, naye akajibu nzuri, kisha akaeleza, na safari hii wakasema atakuja Msimamizi mwenyewe.

Sasa hapa ndipo pa kusikitika, na wengi wetu tungefanya vile vile.

Siku ya Msimamizi kuja, Mshonaji aliamka gizani. Alipiga deki chumba mpaka vigae vikatoa sura ya mtu. Alifuta ukuta, akafuta tena. Beseni akaliingiza uvunguni. Akabadilisha shuka, akalivuta pazia vizuri marinda yakae, akatoa vikombe vya kabatini. Hakuna aliyemtuma. Mgeni anakuja, mikono iliondoka yenyewe.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo, ana fulana ya kung'aa na viatu vilivyopigwa rangi, na adabu zake alizitoa kwao. Alivua viatu mlangoni. Alitoa pole ya msiba kabla ya neno lingine lolote. Alipopelekwa chumbani, akasimama pale kizingitini kama mtu aliyefika ukingo wa kisima. Chumba cha mjane, kitanda kimetandikwa. Hakuona vizuri kuingia. Akanyoosha shingo.

"Pamekauka, mama."

"Leo pamekauka."

"Na dirisha hilo, halipitishi maji?"

Mshonaji akaliangalia pazia. "Halipitishi," akasema. Na hakusema uongo.

"Kwa hiyo kwa ujumla?"

"Ni kidogo tu, baba. Nimewasumbua bure. Karibu chai."

Akanywa vikombe viwili, akala mkate, akasifu mkate. Siku chache baadaye binti wa mapokezi akapiga. Tumefika mara mbili, mama, nyumba iko vizuri, jambo lako tumelifunga. Mshonaji akamwambia ahsante.

Mdogo wake alikuwa msusi, ana saluni yake, na mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa haizimwi na habari zote zinaanzia kwake. Habari hii peke yake hakuwa nayo. Aliipata siku alipokuja kuchukua pazia la saluni, akapitiliza chumbani kutafuta mkasi, akateleza, akaketi chini bila kupenda.

"Dada," akasema pale pale chini, "hiki ni chumba au ni bwawa?"

"Inuka, utaloa."

"Nimeshaloa. Sasa nauliza tu, nimeloa nini." Akashika ncha ya pazia kujiinulia, likafunguka, akaona. Alikaa muda bila neno, na mtu aliyemjua Redio angeogopa. Kisha akasema, "Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wamekuuzia ukuta na ufa wake ndani, nyongeza."

"Wamekuja. Mara mbili."

"Wakasema?"

"Hawakuona kitu."

"Hawakuona hii? Hii, ambayo hata kipofu angeisikia harufu yake?"

Mshonaji akaeleza. Alieleza deki, taulo, shuka, vikombe. Alivyokuwa anaendelea, Redio alikuwa anafumba macho kidogo kidogo kama mtu anayechomwa sindano.

"Ngoja nielewe, dada yangu. Uliwaita waje waone ubovu."

"Ndiyo."

"Wakati wanakuja, ukauondoa."

"Sikuuondoa. Nilisafisha tu. Mtu anakuja kwako..."

"Huyo si mtu anakuja kwako. Huyo ni kampuni. Ungekwenda hospitali ungeficha kidonda kwa poda?"

Redio akaketi ukingoni mwa kitanda, makalio yote maji, akashusha sauti.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Najua si neno la kukwambia wewe mwaka huu. Lakini unakohoa. Na mtoto wako si wa mchezo, akisema anakuja na gari anakuja na gari. Unataka kwenda?"

"Sitaki."

"Sema tena."

"Sitaki, nimeshasema."

"Hujasema. Umetamka." Redio akamtazama. "Haya. Kitendawili."

Walikuwa hawajategana vitendawili tangu wanalala kitanda kimoja. Mdomo wa Mshonaji ukajibu wenyewe, "Tega."

"Nina mgeni, hakaribishwi, hali, hanywi, na kila siku nampisha kitandani."

"Maji."

"Umepata. Sasa mwonyeshe aliyemleta."

Redio ndiye aliyepiga simu. Binti wa mapokezi alipouliza habari za nyumba, Redio akasema, "Hizo ndizo nilizopigia." Waliongea muda mrefu. Kampuni ikasema jambo lilishafungwa. Redio akasema basi walifungue, kwani limefungwa kwa kufuli gani, na kwamba mwaka wa dhamana bado una siku zake, na yeye ana wateja wa kusuka kutwa nzima, kila kichwa saa kadhaa, na kila kichwa kina masikio. Mwishowe wakakubali: Msimamizi atakuja mara moja tu, wiki ya mwisho. Akikuta kavu, basi, wasisumbuane tena.

Mkesha wa siku hiyo Redio akahamia na godoro lake. Alikusanya ndoo, fagio, tambara la deki, mataulo yote makubwa kwa madogo, akavipeleka kwa jirani. Beseni akaliondoa kwenye ukuta. Alfajiri Mshonaji alipoamka, maji yalikuwa yamejitandaza mpaka chini ya kabati. Alisimama mlangoni pa chumba akiyatazama. Mikono yake ikajifuta kwenye kanga, ikajifuta tena.

"Kaa," akasema Redio nyuma yake.

"Nitapafuta pale mlangoni tu. Apate pa kukanyaga."

"Kaa, dada."

"Hata pale tu."

"Huo mlango ndio alioishia siku ile. Ukimkaushia mlango tu, ataondoka na mlango."

Akakaa. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha cherehani, mikono ameikalia, kweli ameikalia, kama mtoto aliyekatazwa kujikuna. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kitu kilimsogea ndani. Hakikuwa kitu kikubwa. Ilikuwa aibu. Ilimpanda shingoni, ikamchoma masikio. Nyumba yake ilikuwa chafu na mgeni yuko njiani. Angeweza kuvumilia kuhamishwa, lakini si hili. Aliwaza kuruka dirishani kwenda kwa jirani kuomba tambara.

Ukabishwa mlango.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu," akasema Mshonaji, na sauti haikutoka vizuri.

Msimamizi akavua viatu kama siku ile, akavipanga. Safari hii alikuwa na haraka. Mkono mmoja ulikuwa na simu. "Habari za nyumba, mama?"

Neno lilikuwa tayari limeshakaa ulimini, maana neno hilo halitumwi, linajiendea. Redio aliyekuwa kwenye kona akakohoa. Mshonaji akalimeza.

"Mbaya," akasema.

Msimamizi alikuwa ameshaanza kusema tunashukuru. Akaishia katikati. Alimtazama kama mtu aliyeweka mguu kwenye ngazi ambayo haipo. "Mbaya?"

"Mbaya sana, baba. Pita uone."

Akatangulia yeye. Msimamizi alifika kizingitini akasimama, kama mara ya kwanza, akanyoosha shingo. Mshonaji alikuwa ameshaingia ndani, maji yanamfika vidoleni. Akageuka.

"Ingia."

"Naona hata hapa, mama."

"Hapo huoni. Ingia chumbani kwangu, nimekuruhusu."

Akaingia. Soksi zake zilikuwa nyeupe. Hatua ya kwanza zikabadilika rangi, ya pili kigae kikamcheulia, akakamata ukuta, na ukuta ukamwachia kipande cha rangi kiganjani, laini kama ngozi ya maziwa. Mshonaji hakusubiri tena. Alishika pazia kwa mikono miwili akalivuta lote, na vishikizo alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa mara mbili vikatoka kimoja baada ya kingine. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu kutoka kiunoni kwenda chini. Ufa ulikuwa unapitisha vidole.

Maji yalisikika yakishuka ndani kwa ndani, kama mtu anayenong'ona usingizini.

"Lakini mimi nilifika hapa," akasema Msimamizi. "Nilisimama pale. Palikuwa pakavu."

"Nilikupigia deki."

"Na hili pazia. Nilidhani ni dirisha."

"Nilikushonea."

"Kwa nini, mama?"

Mshonaji akalikunja pazia mkononi. "Ulikuwa mgeni wangu," akasema.

Msimamizi akaangalia soksi zake. Kisha akaanza kupiga picha: ukuta, ufa, vigae, kitanda kilichosogezwa. Alipiga picha hata miguu yake. Alipomaliza akabaki ameshika simu bila kuipiga, na uso wake ukawa wa mtu anayepima shimo.

"Nikipeleka hii leo," akasema taratibu, "watauliza mara ya kwanza niliona nini. Niliandika hakuna unyevu. Jina langu lipo chini yake."

"Waambie uliona pazia," akasema Redio.

"Dada, si mchezo."

"Nani anacheza? Wewe utaulizwa swali. Yeye atahamishwa kwake."

Mshonaji hakumshika mkono wala kumsihi. Alisimama tu majini, akangoja. Labda ile ganzi nayo ilimsaidia. Mtu mwenye ganzi anaweza kusimama. Akakohoa, akaendelea kungoja. Na Msimamizi, ambaye maji yalikuwa yanampanda kwenye kitambaa cha suruali, akapiga simu kwa mkubwa wake. Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kitandani, ikisema jambo lilishafungwa, ikisema wamebakiwa na siku chache tu, wavute vute.

"Haivutiki, mzee," akasema Msimamizi. "Hapana, si unyevu. Nimesimama ndani yake. Ndiyo, mimi ndiye niliyeandika. Nilikosea, sikuingia ndani. Ni bomba la ukutani. Lazima tuvunje."

Sauti ikasema mengi. Yeye akasema ndiyo, ndiyo, akakata. Alipotoka mlangoni alivaa viatu juu ya soksi zilizoloa, akaaga kwa adabu zake zote. Mshonaji hakumpa chai. Alikuwa hajachemsha.

Mafundi wakaja kabla mwezi haujaisha. Walivunja ukuta upande wa chumbani na upande wa bafuni mpaka vyumba viwili vikaonana. Bomba likapatikana: viungo viwili vilichomekwa tu, bila gundi, vikafunikwa plasta, vikatumainiwa. Msimamizi alisimama akavitazama muda mrefu, akavichomoa kwa mkono mmoja. Havikushikana hata kidogo.

"Mama," akasema, "chumba hiki hakilaliki sasa. Kusubiri ukauke, plasta, vigae, rangi. Ungehamia kwa ndugu kwanza."

Mwanawe naye akapiga siku hiyo hiyo. "Nimesikia wamevunja. Basi nije nikuchukue, wakimaliza nikurudishe."

"Wakimaliza nani ataangalia?"

"Mama mdogo yupo."

"Mama mdogo ataongea. Hataangalia."

"Nimekusikia," akasema Redio kutoka jikoni.

Akabaki. Alilala sebuleni kando ya cherehani, kwenye godoro la Redio, na vumbi la saruji likiwa limekaa juu ya kila kitu, juu ya vikombe, juu ya nyusi. Mchana alishona. Mafundi walipita na ndoo zao, wakakanyaga, wakamwaga, wakaacha alama nyeupe koridoni. Alizitazama alama hizo. Mikono yake iliendelea na mshono. Kifua kilianza kulegea, akakohoa mara chache, kisha akasahau kukohoa. Furaha aliyodhani ingekuja haikuja. Aliingoja kama mtu anayengoja basi la mwisho bila uhakika kama lilishapita, akaona hakuna haja ya kusimama kituoni, akashona.

Siku ya kukabidhiwa chumba, Msimamizi alikuja na mafundi wawili na karatasi ya kutia sahihi. Ukuta ulikuwa mzuri. Rangi mpya, vigae vipya, hakuna ufa. Mtu asiyejua angesema hapajawahi kutokea kitu. Msimamizi akampa kalamu. Gari lao lilikuwa linanguruma nje, halikuzimwa.

Mshonaji akaishika kalamu, akaiweka juu ya kitanda.

"Fungulieni bafu," akasema.

"Tumeshajaribu, mama. Jana tumejaribu."

"Mimi sijajaribu. Fungulieni yote."

Fundi mmoja akamtazama Msimamizi, akaenda akafungua. Maji yakaanza kumwagika upande wa pili wa ukuta. Mshonaji akavuta kigoda, akaketi mbele ya ukuta, karibu kabisa, kama anayeketi mbele ya mgonjwa. Akaweka kiganja.

"Kaeni basi," akasema. "Au simameni. Ila hatuna haraka."

Walibaki. Msimamizi aliketi kwenye kizingiti, kofia magotini. Fundi mmoja akatoka kuzima gari, akarudi. Hakuna aliyeletewa kikombe cha maji. Mshonaji aliona hilo, aliona kwamba watu watatu wako nyumbani kwake na mikono yao mitupu, na aibu ikaja tena kuchungulia. Akaiacha ichungulie. Maji yaliimba bafuni. Kiganja chake kilikuwa ukutani, na kiganja kile kikamwambia jambo moja baada ya jingine: hapa ni baridi. Hapa ni pakavu. Hapa rangi ina chembechembe. Hapa bado pakavu. Alihamisha mkono chini, karibu na sakafu, akautuliza huko muda mrefu zaidi, na alipouinua aliutazama mbele na nyuma, akaupitisha shavuni kuhakikisha.

"Funga," akasema.

Maji yakanyamaza. Akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule. Msimamizi alipoipokea karatasi akasema, "Nisamehe mama, kwa siku ile."

"Ungeingia tu ndani."

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuambia tu ukweli. Nenda, baba, safari njema."

Wakaondoka, na viatu vyao vikaacha saruji kutoka chumbani mpaka barazani. Wakirudisha kitanda walikuwa wamekiweka mahali pake pa zamani, kichwa kimeegemea ukuta ule. Simu ikalia.

"Mama, imekuwaje? Jumamosi nina nafasi, nije?"

"Njoo."

"Nije na gari kubwa au dogo?"

"Njoo na watoto," akasema. "Mnakuja kutembea. Mtalala, mtaondoka Jumapili."

Mwanawe akacheka kidogo puani. "Sawa, mama. Na kifua?"

"Kipo."

Akaweka simu. Ilikuwa mchana mweupe, watu wako makazini, mtaa umetulia. Alitaka kwenda kumwambia Redio saluni, akaona miguu haitaki. Akakaa kitandani, upande wa ukutani. Hakusikia furaha wala huzuni; alisikia usingizi, usingizi mzito wa mtoto aliyetoka safari, na alisikia kwamba ana njaa. Akawaza ale kwanza. Kisha akainua miguu yenye vumbi, akaiweka juu ya shuka safi, akalala.